Akidi ya Mchana

Watu wengi hawajui kwa nini halmashauri yetu ina kantini. Wanadhani ni ukarimu. Ukarimu gani? Zamani madiwani walikuwa wakitoka saa saba kwenda kutafuta chakula mjini, na diwani akishavuka lile geti na njaa yake, humwoni tena mpaka kikao kijacho. Atakutana na huyu, atasimamishwa na yule, shemeji ana shida, simu inaita. Saa nane kengele inalia, karani anahesabu vichwa, viti zaidi ya nusu viko wazi. Idadi inayotakiwa wenyewe wanaiita akidi. Isipotimia, kikao kinaahirishwa, na yote yaliyopangwa kusomwa mchana yanakufa palepale. Basi wakanitafuta mimi. Nikapewa chumba nyuma ya ukumbi, majiko ya gesi na masufuria makubwa, ili waheshimiwa wapate kula humuhumu ndani na warudi vitini mwao. Kwa hiyo mimi si mpishi tu. Akidi ya mchana iko mikononi mwangu, ingawa hakuna aliyewahi kuniambia hivyo kwa mdomo wake.

Nayasema haya mapema ili mtu asije kuniuliza, "Mama Kantini, wewe ulijuaje?" Nilijua. Nimekaa nyuma ya dirisha la kupitishia sahani miaka mingi kuliko diwani yeyote alivyokaa kwenye kiti chake.

Na nilikuwa humo kabla watoto wangu hawajaingia barazani. Hilo nalo lieleweke, maana midomo ya watu haina dogo. Ninao wawili tu. Wa kwanza ni binti, wanamwita Mwalimu kwa sababu alifundisha shule ya msingi mpaka alipochaguliwa, na mpaka leo akikusikiliza anainamisha kichwa kama anasubiri useme jibu sahihi. Wa pili ni wa kiume, Fundi, alikuwa fundi umeme, na akiingia chumba cha mtu macho yake yanakwenda kwanza kwenye swichi. Mwalimu alishinda kata ya katikati ya mji. Fundi alishinda kata yetu, ile ya ng'ambo ya korongo, ninakoishi mimi na nilikompigia kura. Wote walipita kwa chama kimoja, chama cha marehemu baba yao. Mwalimu akawa kiongozi wa madiwani wa chama chetu barazani. Nilivimba kichwa, sitaficha. Nilipokuwa nikiwapakulia wote wawili sahani kwa zamu, nilikuwa najiona nimemaliza kazi niliyoletwa duniani kuifanya.

Kisha Fundi akahama chama.

Hakuhama kwa uchu wa kitu, wala hakununuliwa, semeni mnavyosema. Alihama kwa sababu ya daraja. Kata yetu imetenganishwa na mji na lile korongo, na mvua zikianza watoto wanakaa nyumbani. Wajawazito wanabebwa. Mimi mwenyewe nakuja kazini nimeshika viatu mkononi, naosha miguu bombani kwa askari wa getini, ndipo naingia jikoni kama mtu. Fundi aliomba daraja kila bajeti, na kila bajeti daraja lilipigiwa makofi likawekwa pembeni. Siku moja wale wa chama kingine, wenye serikali mikononi, wakamwita. Wakamwambia njoo kwetu, daraja utalipata. Akaenda. Haikupita wiki mbili, yakamwagwa mawe na mchanga pale korongoni. Nilipita asubuhi nikayaona, nikayashika kwa mkono wangu kama mtu anayepima kitambaa. Nikasema moyoni, mwanangu kafanya kitu.

Lakini sheria ya mabaraza haina huruma na daraja. Diwani akikihama chama kilichompeleka barazani, kiti si chake tena. Na kwetu hapa kuna utaratibu wake: kiongozi wa madiwani wa kile chama alichokiacha lazima asimame mbele ya kikao kizima, ataje majina kamili ya huyo mtu, na aseme kwa mdomo wake kwamba huyu si wetu tena. Barua haitoshi. Asiposema mwenye kusema, kiti kinabaki. Na mwenye kusema alikuwa nani? Dada yake.

Jumapili kabla ya kikao Fundi alikuja nyumbani mchana, akakaa kwenye kile kiti cha baba yake, akazungusha funguo kidoleni.

"Mama," akasema, "kesi yetu ya kupinga hiyo kanuni inasikilizwa mwezi ujao. Mawakili wanasema tutashinda. Nikivuka kikao hiki kimoja tu bila jina langu kusomwa, nimepona."

"Umemwambia dada yako?"

"Mama, mimi na dada tunasalimiana tu siku hizi. Zungumza naye wewe. Wewe anakusikia."

Nikazungumza naye. Nilimkuta kwake anapiga pasi lile joho la udiwani, na hakuiweka pasi chini tulipokuwa tunaongea. Nikamwambia, huyu ni mdogo wako, ulimbeba mgongoni mimi nikiwa sokoni. Akaniacha nikamaliza. Kisha akasema, polepole, "Mama, niombe lolote. Hili usiniombe." Akaligeuza joho upande wa pili akaendelea kupiga pasi. Namjua binti yangu. Akisema kwa sauti ndogo namna ile, hata ulie machozi ya damu.

Nikatoka pale nikiwa nimekasirika. Nilimkasirikia yeye, nikawakasirikia waliotunga hiyo kanuni, nikamkasirikia hata marehemu kwa kuniachia watoto wenye vichwa vigumu kama chake. Mama hana chama. Nilitaka kitu kimoja tu, wanangu wabaki ndugu. Na nilijua wazi kwamba dada akisimama pale mbele akamtoa mdogo wake kitini, undugu wao umekwisha. Fundi ni mtu wa kusamehe mengi, lakini aibu ya mbele za watu hajui kuisamehe. Tangu mdogo.

Siku ya kikao nilifika mapema kama kawaida. Asubuhi zilikuwa taarifa za kamati, mambo ya taka na taa za barabarani. Jambo la Fundi lilipangwa mchana, la kwanza baada ya chakula. Jukwaa la wageni lilikuwa limejaa tangu asubuhi. Nilichungulia kupitia mlango wa ukumbi nikaona watu wa kata yetu, wamevaa nguo zao za kutokea, wengine wameshika miavuli. Hawakupiga kelele. Mama mmoja jirani yangu, yule anayeuza mkaa, aliniona akageuza uso.

Nikarudi jikoni. Maharage yalikuwa yameshachemka mara ya kwanza. Mchele ulikuwa umechambuliwa, uko kwenye beseni. Mwenzangu wa masahani alikuwa amekwenda stoo kufuata sabuni. Nikasimama mbele ya jiko, nikatazama moto ule wa bluu, na wazo likanijia lenyewe bila kubisha hodi.

Chakula kikikosekana, watatoka nje kwenda kula. Wakitoka, hawarudi. Wasiporudi, hakuna akidi. Bila akidi, hakuna anayesomwa.

Nikazima jiko. Nikazima na la pili. Nikafunika masufuria vizuri, nikajifuta mikono, nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Mwenzangu aliporudi akaniuliza, "Gesi imekwisha?" Nikamwambia, "Imekwisha." Akanitazama, akautazama mtungi mpya tuliouingiza jana yake, akasema, "Kweli, imekwisha," akaenda kuosha vikombe vilivyokuwa safi. Mwanamke yule ana watoto watano. Hakuhitaji kuelezwa.

Nilikaa pale juu ya ndoo, na sikujuta. Msinitegemee niseme nilijuta. Wanaume wazima walikuwa wamevunja vikao vya baraza lile kwa sababu za kijinga zaidi kuliko hiyo. Kuna mwaka waliondoka wote kwenda kutazama mpira.

Muda kidogo kabla ya mapumziko, mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia Mwalimu. Alikuwa na joho lake, kikombe mkononi.

"Mama, naomba maji ya moto. Koo limenikauka."

Ningemjibu nini? Akasogea mwenyewe kwenye jiko, akanyoosha mkono kwenye birika, akaurudisha. Jiko linalopikia baraza zima lilikuwa baridi kama sakafu. Akafunua sufuria la maharage. Akalifunika. Akatazama beseni la mchele. Nilimwona akihesabu, maana naye anajua kwa nini kantini ile ipo. Amekula humo miaka yote.

"Mama," akasema.

"Gesi imekwisha."

Akainama akaushika mtungi, akautikisa kidogo. Akauachia. Nilifikiri atanifokea. Angenifokea ningepata nguvu, ningemtolea uvivu, tungemaliza pale kwa kelele. Akavuta ndoo nyingine akaigeuza, akakaa mbele yangu na joho lake lile likagusa sakafu yenye maji.

"Nitakuuliza kitu kimoja," akasema. "Ukinijibu, nitakwenda, nitasema naumwa, nitarudi nyumbani. Wewe hutahitaji hata kuzima jiko."

"Uliza."

"Siku ile ulipopiga kura kule ng'ambo, ulimpigia nani?"

"Mwanangu. Nani mwingine?"

"Ulimpigia kwa sababu ni mwanao?"

"Ndiyo."

"Na kama siku ile picha yake ingekuwa kwenye mstari wa chama kile kingine? Ungempigia?"

Nikaikunja ncha ya aproni yangu.

Niwaambieni kuhusu chama kile kingine. Kabla ya kantini nilikuwa na kibanda cha chakula sokoni. Kilikuwa cha mabati, na baba yao alikipaka rangi yeye mwenyewe. Watu wa chama kile ndio waliokuwa na baraza miaka ile. Wakasema soko linachafua mji. Walikuja na greda siku ya gulio, wakapita juu ya vibanda vyote, na cha kwangu sufuria lilikuwa bado liko motoni. Watu tulikaa chini katikati ya barabara tukilia kama msibani. Watoto hawa wawili walitoka shuleni wakanikuta nimekaa chini na mwiko mkononi. Mwalimu ndiye aliyeniinua. Baba yao aliingia chamani wiki ile, na tangu siku ile mimi sijawahi kuweka alama kwenye mstari wa watu wale, hata walipomweka mpwa wangu mwenyewe.

"Jibu, mama."

"Nisingempigia," nikasema.

"Basi kura yako iko wapi sasa? Hilo ndilo swali langu."

Sikuwa na jibu. Akanionyesha mlango wa ukumbi kwa kidevu, hakuinua hata mkono.

"Wale kwenye jukwaa la wageni wameacha kazi zao. Wengi wao walikaa chini na wewe siku ile sokoni. Walimpa mtoto wako kitu, naye amekichukua akaenda nacho kulekule kwa wenye greda. Hata kama ni kwa ajili ya daraja, mama. Hata kama ni kwa ajili ya miguu yako." Akainua pindo la joho lake kutoka kwenye maji. "Akilitaka daraja kwa chama kile, arudi kwao awaombe upya. Wakimpa, mimi nitakuwa wa kwanza kumpongeza. Mimi simfukuzi. Namrudisha kwa wenyewe akawaulize."

"Atakuchukia."

"Najua."

"Hatakusamehe, mwanangu. Namjua."

"Na mimi namjua," akasema. "Mimi ndiye niliyemlea wakati wewe unatafuta." Akaweka mikono yake miwili juu ya magoti yangu. Ilikuwa ya baridi. "Mama, washa jiko. Watu wapate kula."

Mtu anaweza kudhani mama huwa anashindwa na maneno. Sikushindwa na maneno yake. Nilishindwa na jibu langu mwenyewe, kwa sababu lilikuwa limeshatoka na sikuweza kulirudisha. Nikainuka, nikafungua mtungi, nikawasha majiko yote mawili. Mwalimu alisubiri birika lichemke. Akanywa maji yake ya moto amesimama, akaenda.

Madiwani walikula. Walikula kwa haraka, wali wenyewe ulikuwa bado na kiini, wakalalamika kidogo, na mmoja akanitania, "Mama Kantini, leo umetupikia changarawe za daraja?" Wakacheka. Fundi hakuja kula. Kengele ilipolia walirudi ndani wote, karani akahesabu, akidi ikatimia na kuzidi.

Niliacha sufuria nikaenda kusimama mlangoni pa jukwaa la wageni, na aproni yangu.

Mwenyekiti alisoma jambo lenyewe, akampa nafasi Mwalimu. Taa nyekundu ya kipaza sauti ikawaka mbele yake. Fundi alikuwa amekaa upande wa pili, kwenye safu ya watu wake wapya, mikono juu ya meza, anamtazama dada yake usoni. Hakuangalia pembeni hata mara moja. Nilijua anachofanya. Alikuwa anamfanyia vilevile alivyokuwa akimfanyia utotoni akitaka kusamehewa, anamkazia macho mpaka dada acheke. Mpaka dakika ile alikuwa haamini kwamba atasoma.

Mwalimu akaanza. Alisoma vizuri, bila kukimbia. Alipofika mahali penyewe akasema "mjumbe huyo," akanyamaza.

"Mheshimiwa," Mwenyekiti akamwambia, na si kwa ukali, "kanuni inataka majina kamili."

Akayataja. Majina matatu. La kwanza la mdogo wake, la pili la baba yao, la tatu la babu yao. Na hayo mawili ya mwisho ni majina yake yeye pia. Jina la mume wangu lilipita kwenye spika za ukumbi ule, katika sauti ya binti yake, likimtoa kijana wake kitini. Nilishika fremu ya mlango. Yule mama muuza mkaa akasogea kwenye benchi, akanipisha, nikakaa.

Mwenyekiti akamuuliza Fundi kama ana neno.

Fundi akasimama. Akafunga kifungo cha koti.

"Sina, Mwenyekiti. Mheshimiwa amesoma vizuri. Na yeye ndiye aliyenifundisha mimi kusoma."

Mwenyekiti akatamka kwamba kiti kiko wazi. Utaratibu ni kwamba askari wa baraza anamsindikiza mtu mpaka nje, na njia ya kutoka inapita mbele ya safu ya kwanza. Mwalimu alikuwa bado amesimama. Fundi akampita karibu kabisa, koti likagusa joho, asimtazame.

Nje wale watu wake wapya walikuwa na gari. Walimpokea kwa nyimbo, wakamshika mabegani, wakaondoka naye. Mimi nilikuwa nimemtengea sahani jikoni, nimeifunika. Nilikuwa nimejiandaa kumfariji yeye, maneno nilikuwa nayo tayari. Niliporudi jikoni nikamkuta Mwalimu. Alikuwa amesimama kwenye karo na joho lake, anaosha masufuria yangu. Alikuwa anaosha sufuria moja hilohilo, analizungusha, analizungusha. Mwenzangu wa masahani alikuwa amejibanza ukutani hajui afanye nini.

"Mama, amenipita," akasema bila kugeuka. "Amenipita kama mtu wa barabarani."

Nikamtoa sufuria mikononi. Ndipo nikaona kitu ambacho kwa muda wote ule sikuwa nimekiona. Nilikuwa nimemlilia Fundi na kiti chake, wakati kiti ni mbao na kitambaa. Huyu hapa, mgumu wangu, mkubwa wangu ambaye hakuna aliyewahi kumshika mkono kwa sababu kila mara yeye ndiye aliyewashika wengine, ndiye aliyekuwa amepoteza mtu. Nilimkumbatia na maji ya vyombo yakatiririka mgongoni mwangu. Alilia kama mtoto mdogo. Na mimi nililia.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama nilivyoogopa. Fundi hakupokea simu za dada yake. Mwalimu alipeleka zawadi ya mtoto wa Fundi aliyekuwa anatimiza mwaka, ikarudishwa na fundo lake halijafunguliwa. Uchaguzi wa kujaza kiti ukatangazwa, na wale wa chama kipya, waliombeba mabegani, wakamweka mtu mwingine agombee. Eti Fundi ana doa. Mawe ya daraja yamebaki palepale, mbuzi wanapanda juu yake. Fundi akarudi kwenye ngazi yake na nyaya zake.

Nikavumilia wiki, nikavumilia na nyingine. Mwalimu alikuwa anakuja jikoni kila siku ya kikao, anauliza lile lile, kwa namna ya kujifanya hajali, "Hajambo huko?" Nasema hajambo. Alikuwa amekonda, mifupa ya shingo imetoka. Nikaona nikiacha hivi, hawa watazikana bila kusemeshana.

Jumamosi moja nikamfuata Fundi. Nilimkuta kwa jirani, yuko juu ya ngazi, koleo mdomoni, anaunganisha waya wa taa ya kibarazani.

"Shuka," nikamwambia.

Akatoa koleo mdomoni. "Mama, kama ni habari za dada, mimi sina dada. Nina mama tu."

"Nimekuja kwa habari za mama."

Akanitazama kutoka kule juu.

"Siku ile jikoni," nikasema, "dada yako alikuja kwangu akilia. Alikuwa amekata tamaa. Alisema hawezi kukusoma, anaacha, anarudi nyumbani. Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia nenda kasome, huyu alichukua kura yangu akawapelekea waliovunja kibanda changu. Nikamsukuma mlangoni kwa mkono wangu."

Akashuka. Kila ngazi alisimama kidogo.

"Wewe?"

"Mimi."

"Nilikuja kwako nikakuomba. Nikakaa kwenye kiti cha baba nikakuomba, mama."

"Ndiyo."

"Na yeye alikuwa hataki?"

"Alikuwa hataki."

Sura yake ilibadilika mara mbili mbele ya macho yangu. Mara ya kwanza ilikuwa ni kitu kinalegea, na nilipokiona nilijua nimepatia. Mara ya pili ilikuwa kwa ajili yangu, na hiyo sitaki kuisimulia. Akainama akaikunja ngazi, akaichukua begani, akaondoka nayo na taa ya jirani hajaimaliza. Hakuniambia kwaheri. Huyu ni mtoto ambaye hata akienda dukani tu alikuwa ananiaga.

Jumapili yake hakuna aliyekuja kwangu. Nilipika kidogo, nikala kidogo.

Siku ya kikao Mwalimu aliingia jikoni asubuhi, akafunga mlango nyuma yake, akauegemea.

"Fundi alikuja kwangu juzi," akasema.

Niliendelea kuchambua mchele.

"Mama, anasema wewe ndiye uliyenituma. Anasema nilikuwa nalia, nakataa, ukanisukuma."

"Na wewe ulisemaje?"

Nilipoinua macho, nilikuta ananitazama vile alivyokuwa akiwatazama wanafunzi wake, kichwa ameinamisha upande.

"Sikusema kitu. Nilimpakulia chakula."

"Akala?"

"Alikula. Akasema wewe una upendeleo, tangu utoto ulikuwa upande wangu. Nikamwambia hapana, ulikuwa upande wake. Tukabishana mpaka jua likazama. Akatengeneza na ile swichi ya sebuleni." Akaacha kuegemea mlango. "Mama, siwezi kumwacha aamini hivyo. Nitamwambia ukweli."

"Ukimwambia, hatakuja tena."

"Na wewe je?"

"Mimi ni mama yake," nikasema. "Atafanya nini, atapata mwingine wapi? Nenda kikaoni, kengele imelia."

Akaenda. Hajamwambia mpaka leo. Fundi naye hajakanyaga kwangu tangu ile Jumamosi ya ngazi. Tukikutana njiani ananiamkia kwa heshima zote na kupita. Lakini kila Jumapili yuko kwa dada yake na watoto wote, wanakula pamoja, na nasikia wakishakaa mezani wanaanza kwa kunisema mimi.